Kusoma Pamoja Riwaya za Tafsiri na Hadithi za Ajabu: Mwongozo kwa Baraza la Wasomaji

Mtu akimaliza riwaya iliyotafsiriwa na kusema kwamba Kiswahili chake ni kigumu, au akiifunga riwaya ya mambo ya ajabu katikati na kusema kwamba haieleweki, huwa ametoa hukumu bila kumtaja mshitakiwa. Huenda mwandishi aliukusudia ugumu huo, huenda mfasiri alishindwa na sentensi, na huenda msomaji mwenyewe ndiye aliyekuja na mazoea ya vitabu vya aina nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu sita hadi wanane wanaotaka kukutana mara mbili kwa mwezi kuzungumzia vitabu vya namna hiyo, na umetokana na miaka kadhaa ya kukaa katika baraza moja dogo ambalo lilifanya karibu kila kosa linalotajwa hapa. Shabaha yake ni kwamba kila anayetoa maoni ajue anayatoa juu ya nani.

1. Chagueni kitabu mtakachokimaliza

Mabaraza mengi hufa kwa kuanza na kitabu kinene, kwa maana wiki ya tatu ikifika nusu ya watu huona aibu kuja kwa kuwa hawajasoma. Anzeni na hadithi inayoweza kusomwa kwa sauti katika kikao kimoja. Pendekezo langu ni ile hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o inayoeleza kwa nini binadamu hutembea wima, ambayo aliiandika kwa Kikuyu na ambayo kundi la waandishi la Jalada lilichapisha mwaka 2016 pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya thelathini, Kiswahili kikiwemo. Viungo vya mwili vinaoneana wivu na kushindana, jambo ambalo kila mtu aliyelelewa kwa ngano ataliona la kawaida, na papo hapo ni kazi ya tafsiri. Mkibahatika kuwa na mwenzenu anayejua Kikuyu, mwombeni asome aya mbili za asili kabla ya kusoma tafsiri, hata kama wengine hamtaelewa neno, kwa sababu sikio litawaambia mengi kuhusu mwendo wa sentensi.

Baada ya hapo nendeni kwenye riwaya. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, inafaa sana. Kwa upande wa mambo ya ajabu, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 2001, au Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, itawafunza zaidi kuliko mtakavyotazamia. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba sana, na wembamba huo umewahadaa wengi. Iwekeni ya nne au ya tano. Kuhusu upatikanaji, nakala mbili zinatosha watu sita mkipangiana siku, ila anayekabidhiwa nakala aandikishwe, kwa kuwa kitabu kizuri kina tabia ya kupotelea kwa shemeji.

2. Someni kurasa za mbele kabla ya sura ya kwanza

Kabla ya mtu kufungua sura ya kwanza, na atazame jina la mfasiri, lugha iliyotafsiriwa, na mwaka. Ni dakika tano tu, lakini zitaokoa mabishano ya saa nzima. Anayesoma Mashimo ya Mfalme Sulemani bila kujua kwamba Frederick Johnson aliitafsiri mwaka 1929, wakati Kiswahili sanifu ndicho kwanza kinasukwa, atakilaumu Kiswahili chake kwa kutofanana na cha magazeti ya leo. Anayesoma Shamba la Wanyama ya Fortunatus Kawegere akumbuke kwamba ilitoka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, halafu ajiulize msomaji wa siku zile alikuwa akisikia nini kila wanyama walipoahidiwa usawa.

Jina la kitabu lenyewe ni tafsiri ya kwanza, na ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, mfanyabiashara mmoja wa jina la asili aligeuka kuwa wengi, Mabepari wa Venisi. Tena neno alilolichagua, lenye asili ya Kigujarati na ambalo zamani pwani lilimaanisha mfanyabiashara tu, katika Tanzania ya miaka hiyo lilikwisha kubeba lawama. Je, umoja ukawa wingi kwa bahati mbaya? Mimi siamini. Vivyo hivyo riwaya ya Chinua Achebe, ambayo jina lake la Kiingereza linazungumzia mambo kusambaratika, ilitoka mwaka 1973 kwa mkono wa Clement Ndulute ikiitwa Shujaa Okonkwo; jicho likahamishwa kutoka kwenye jamii inayovunjika likawekwa kwa mtu mmoja. Mpe kila mwanabaraza nafasi ya kusema angeliitaje, halafu ndipo msome.

Swali jingine la kuuliza ni kama kitabu kimetoka moja kwa moja katika lugha ya asili au kimepitia lugha ya kati, maana riwaya ya Kirusi au ya Kijapani inayotufikia kwa njia ya Kiingereza imekwisha kuchujwa mara moja. Hata mpangilio wa sura unaweza kuwa na mkono wa mfasiri. Riwaya ya Liu Cixin inayoitwa kwa Kiingereza The Three-Body Problem, ambayo mwaka 2015 ilikuwa riwaya ya kwanza ya tafsiri kupata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi na za ajabu, ilichapishwa China sura zake za Mapinduzi ya Utamaduni zikiwa zimefichwa katikati ya kitabu. Mfasiri Ken Liu, kwa ridhaa ya mwandishi, alizirudisha mwanzoni, mahali ambapo mwandishi alizikusudia tangu awali. Anayeisifu riwaya hiyo kwa mwanzo wake wenye kishindo hana budi kujua kwamba wasomaji wa Kichina hawakuanzia hapo.

3. Wekeni alama tatu pembeni

Kila msomaji awe na penseli, au karatasi ya pembeni kama kitabu ni cha kuazima. Kila unapokwama, unapocheka, au unapokasirika, andika herufi moja kati ya tatu: A kwa unachodhani ni cha mwandishi, T kwa unachodhani ni cha tafsiri, na M kwa unachodhani ni chako mwenyewe. Utakosea mara nyingi, na makosa hayo ndiyo yatakayozungumzwa barazani.

Chukueni mfano wa Peponi. Kijana Yusuf amelelewa akiamini kwamba tajiri Aziz ni ndugu wa baba yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba, na Khalil ndiye anayemfungua macho kwamba huyo si jamaa yake hata kidogo. Kwa Kiingereza, lugha ambayo Gurnah aliiandikia mwaka 1994, neno moja linamfunika ndugu wa baba na ndugu wa mama, mkubwa na mdogo. Kiswahili hakikubali uvivu huo: lazima uchague ami, baba mkubwa, baba mdogo au mjomba, na kila chaguo linaeleza upande wa damu na kiasi cha heshima ambavyo Kiingereza kiliviacha wazi. Kwa hiyo pale mtoto anapomwita mtu huyo, A na T zinakaa juu ya neno moja. Halafu kuna M. Msomaji wa Unguja na msomaji wa Tabora hawalisikii neno ami kwa namna moja, na hilo si kosa la Gurnah wala la Hadjivayanis.

Kuna jambo la ziada katika kitabu hicho ambalo halipatikani katika tafsiri nyingi: watu wake, kwa sehemu kubwa, ni watu wa pwani na bara yetu, ambao tunajua kwamba wangesema Kiswahili. Mfasiri amewarudishia ulimi waliovuliwa na lugha ya kuandikia. Ndiyo maana katika kikao chetu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alisema kwamba kwake tafsiri ndiyo iliyokuwa kitabu cha asili. Tulibishana naye, lakini sentensi hiyo imo katika daftari letu mpaka leo.

Jihadharini na T inayowekwa kwa haraka. Ndugu mmoja wa baraza letu alikuja na orodha ya sentensi alizoziita nzito kwa sababu ya tafsiri mbovu, na tulipozilinganisha na kitabu cha Kiingereza tulikuta mbili kati ya tatu za mwanzo ni ndefu vilevile na zina mzunguko uleule. Mfasiri alikuwa mwaminifu; aliyekuwa mzito ni mwandishi. Ile ya tatu ilikuwa kosa kweli, na ndugu yetu alipewa haki yake.

4. Iteni uongo wenyewe

Kwa hadithi za ajabu, tatizo kubwa ni msomaji anayesimama mlangoni akidai kwamba mambo hayo hayawezekani. Sisi ndio watu wa mwisho tunaopaswa kusema hivyo. Mtoto wa Kiswahili hafunguliwi hadithi mpaka aitikie mwenyewe, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Anayeuita uongo ni msikilizaji, tena anauita kwa masharti kwamba uje na utamu. Vizazi vimekuzwa na mazimwi, majini na Alfu Lela Ulela, na Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea hewani, ilitoka mwaka 1951. Wahakiki wakisema uhalisiajabu au uhalisia mazingaombwe, wanataja kwa jina jipya kitu ambacho bibi alikianza kabla ya chakula cha usiku.

Kwa hiyo wekeni kanuni hii: hakuna anayeruhusiwa kusema "haieleweki" kabla ya kutaja jambo moja ambalo dunia ya kitabu inaliruhusu na jambo moja ambalo inalikataza. Katika Kusadikika, nchi inaruhusiwa kuelea, lakini sheria ya mashitaka inafuatwa, na Karama, anayeshitakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, anapata siku sita za kujitetea. Katika Babu Alipofufuka, marehemu anaruhusiwa kurudi kumtembelea mjukuu wake K, lakini K hapewi ruhusa ya kumkwepa. Mtu akishaitaja miiko ya dunia hiyo, swali lake hugeuka lenyewe. Badala ya kuuliza kama jambo linawezekana, atauliza kama mwandishi ameivunja kanuni aliyojiwekea, na hilo linaweza kujibiwa kwa kufungua ukurasa.

Kwa Nagona mtapata shida kutaja hata kanuni moja, kwa sababu Kezilahabi anawaingiza wanafalsafa wa Ulaya na paa wa ajabu ndani ya safari moja bila kuomba radhi. Hapo inaruhusiwa kusema kwamba kanuni ni kukosekana kwa kanuni, ila mwenye kusema hivyo aonyeshe kurasa tatu.

Adui wa pili ni mazoea ya darasani. Tumesomeshwa kutafuta dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kana kwamba riwaya ni nazi, ukishapata tui unatupa chicha. Msomaji wa namna hiyo akikutana na mfalme wa kubuni hupumua tu pale anapompata kiongozi halisi wa kumfananisha naye. Ni kweli kwamba Kusadikika ilitoka wakati wa utawala wa Mwingereza, na kuisoma kama kijembe ni halali. Lakini mkishampa kila mhusika jina la mwanasiasa, nchi inayoelea hewani itakuwa imeshushwa chini, na hamtauliza tena kwa nini mwandishi aliiweka juu. Katika baraza letu tafsiri ya kisiasa inaruhusiwa baada ya saa ya kwanza tu.

5. Jaribuni kutafsiri wenyewe, hata sentensi moja

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Chukueni mahali pamoja pagumu katika hadithi ya ajabu ya lugha nyingine, kila mtu aandike Kiswahili chake, halafu mlinganishe.

Sisi tulichukua hadithi ya Franz Kafka ya mwaka 1915, ambamo mchuuzi msafiri Gregor Samsa anaamka asubuhi akiwa si mtu tena. Neno la Kijerumani linalomtaja linahusu wadudu na viumbe waharibifu kwa ujumla, halichori umbo, na Kafka mwenyewe alimwomba mchapishaji asimchore mdudu huyo kwenye jalada. Wafasiri wa Kiingereza wamegawanyika, wengine wakisema mdudu na wengine wakitumia neno la viumbe wachafu. Kwetu neno lilijileta lenyewe: dudu. Ukubwa, karaha na kutojulikana, vyote vimo katika silabi mbili. Tukadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha, kwa sababu sentensi zilizofuata zilitaka kitenzi. Je, tuseme "alijaribu kugeukia ubavu" au "lilijaribu kugeukia ubavu"? Sarufi inasema chenye uhai huchukua a-, na kwa hiyo kifaru anakuja. Lakini methali nayo inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hakuna aliyewahi kuisahihisha. Vijana wawili walitaka li-, kwa hoja kwamba mwili umekwisha kubadilika. Bi mkubwa mmoja, ambaye maisha yake yote ameshona nguo na hajawahi kusomea fasihi, alisema, "Wanangu, mkimwita li- tangu mwanzo, dada yake atakuja kusema nini?" Alikuwa amesoma mpaka mwisho. Karibu na mwisho Grete, yule dada aliyekuwa akimpelekea kaka yake chakula, anakataa kulitaja jina lake na kusema kwamba lazima familia iachane na kitu hicho. Kwa Kijerumani kiwakilishi chenyewe si cha mtu tena. Kwa Kiswahili, mauaji hayo yote yanakaa katika kiambishi kimoja: mpaka jana walisema "tumwangalie", leo dada anasema "tuliondoe". Ukilitumia li- katika ukurasa wa kwanza, umeufuta ukurasa huo.

Jaribio kama hilo linafaa pia kwa roboti, neno ambalo lenyewe lilifika duniani kupitia tafsiri za tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutoka katika neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, yaani ya kulazimishwa. Roboti anainua mkono, au roboti inainua mkono? Katika riwaya ambayo swali kuu ni kama mashine ina roho, mfasiri wa Kiswahili analazimika kujibu kabla ya mwandishi. Upande wa pili lugha yetu hutoa zawadi. Ursula Le Guin alipoandika The Left Hand of Darkness mwaka 1969, juu ya watu wasio na jinsia ya kudumu, Kiingereza kilimsukuma kwenye kiwakilishi cha kiume, jambo ambalo baadaye alilijutia. Kwa Kiswahili, a- haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, na msomaji angepita kurasa mia bila kujikwaa.

Mwenye nguvu zaidi afanye kinyume: achukue jina Walenisi, alisome polepole mpaka asikie "wale ni sisi", halafu atafute namna ya kulipeleka katika lugha nyingine yoyote anayoijua. Akishindwa, T zake zitapungua ukali.

6. Endesheni kikao kwa mpangilio

Mdogo wa umri aanze kusema. Mkubwa akishatoa hukumu, vijana watatafuta maneno mazuri ya kumuunga mkono, na kikao kitakuwa kimekwisha kabla ya chai. Kila mtu aanze kwa kusoma kwa sauti aya aliyoiwekea alama, ndipo aseme herufi yake na sababu. Kupinga kuna adabu yake, na adabu haimaanishi kunyamaza: "Mwalimu, naomba nitofautiane nawe kidogo kwenye ukurasa wa arobaini" ni sentensi inayotosha, mradi ukurasa wa arobaini ufunguliwe kweli. Muda wa kila mmoja uwe dakika tano. Anayesimulia yatakayotokea mbele ya ukurasa mliokubaliana anunue maandazi ya kikao kijacho. Faini hii imetulisha vizuri.

7. Andikeni maoni siku ileile

Anayeandika asizidi maneno mia tatu, na asitumie zaidi ya sentensi mbili kusimulia kisa. Jina la mfasiri liwe katika sentensi ya kwanza pamoja na la mwandishi. Hata tuzo ya kimataifa ya Booker, tangu 2016, hugawa fedha zake nusu kwa nusu kati ya hao wawili, na sisi tusioulizwa fedha tusiwe wachoyo wa wino. Neno la kusifu au kulaumu lugha lifuatwe na mfano mmoja ulionukuliwa kitabuni. Maneno kama "imetafsiriwa vizuri" bila mfano yafutwe na mwenye daftari bila kuomba ruhusa. Kama hamkuiona nakala ya lugha ya asili, semeni hivyo wazi, na mzungumzie tu jinsi Kiswahili kinavyosimama chenyewe.

Maoni yaliyopingana yaandikwe yote mawili, kila moja na jina la aliyeyatoa, bila kulazimisha suluhu. Mwisho wa karatasi muweke tarehe, toleo mlilosoma na ukurasa mliokomea, kwa sababu zikipita wiki mbili kila mtu ataapa kwamba ulikuwa mwingine.